Rambirambi Hazikunifikia, na Nimeshashukuru Mbele ya Watu

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe nikilitamka kwa mdomo linasikika dogo na la aibu, lakini limenikaa kooni, na tangu nimzike mama yangu sijameza tonge likashuka vizuri.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Ni duka lenye mashine, kaunta iko mbele, mashine za kufulia ziko katikati, na huku nyuma kabisa kwenye joto ndiko tuliko sisi wa pasi za mvuke, nguo zinatufikia zikiwa safi na zinatutoka zikiwa zimenyooka. Mwenye duka tunamwita Tajiri, ni mkali lakini analipa kwa wakati. Kuna dereva anayewapelekea wateja nguo zao, kuna binti wa kaunta ambaye ni mgeni na anafuata maagizo ya Tajiri kama askari wa gwaride, na kuna mama mmoja wa makamo anayeshona vifungo vilivyokatika na kurudishia mapindo, sote tunamwita Bi Vifungo, na huyo ndiye niliyekuja kumsema.

Lakini nikueleze kwanza desturi ya kazini kwetu. Mwenzetu akifiwa, Bi Vifungo hununua kadi ya pole, anaipitisha kila mtu aandike neno lake, na kila mtu anampa alichojaliwa, anakitia kwenye bahasha, halafu mfiwa anapelekewa. Tena kwa kuwa sisi ni madobi tuna jambo letu la peke yetu, kwamba mfiwa hafui nguo alizovaa mazishini. Siku ya pili yake dereva anapita nyumbani, anazikusanya nguo zote zilizovaliwa makaburini, zinafuliwa dukani bure, bila risiti, na zinarudi zimepigwa pasi, maana tunaona si haki mtu akae anasugua vumbi la kaburi la mzazi wake kwa mikono yake mwenyewe. Nimewapigia pasi wenzangu wengi nguo za namna hiyo, na kwenye bahasha sijawahi kukosa, hata mwezi ambao kwangu sufuria zilikuwa zinakauka kabatini.

Basi mama yangu alifariki. Alikuwa akiishi kwangu, na wewe mshauri alikuwa akikusoma kila wiki kwa sauti, akikukatiza na kukujibu kana kwamba umekaa naye, kwa ile miwani yake ambayo mguu mmoja ulikatika skrubu na Bi Vifungo huyohuyo ndiye aliyeuzungushia uzi mweusi ukakaa imara. Siku ya mazishi nilivaa koti langu jeusi na mfukoni nikatia ile miwani, usiniulize kwa nini, nilitaka tu kitu chake cha kushika. Pale makaburini watu wakitoa pole, Bi Vifungo alikuja akanikumbatia, na alinikumbatia kupita kiasi, analia kuliko sisi wenye msiba, ananinong'oneza mambo ambayo sikuyasikia kwa vilio vya watu, mpaka nikahisi mkono wake unanigusagusa ubavuni. Wakati ule sikujali, nilikuwa nimeganda kama gogo, lakini leo mkono ule hautoki akilini mwangu.

Kesho yake dereva alikuja kuchukua nguo. Mimi nilikuwa nimelala, dada yangu mkubwa ndiye aliyempa, na dereva akaacha kadi, akasema ilichelewa kwa kuwa wengine walikuwa hawajaitia sahihi. Kadi nzuri, ina maneno ya kila mtu, hata Tajiri ameandika. Nikaifungua, nikaitikisa, nikaitazama bahasha yake dhidi ya mwanga wa dirisha. Haina kitu. Nikajiambia pengine pesa zitakuja kivyake. Niliporudi kazini, wakati wa chai nilisimama kama adabu inavyotaka nikawashukuru wote kwa yote waliyonifanyia, Bi Vifungo akitikisa kichwa kwa kuridhika, na siku zikapita nikingoja.

Halafu dereva akanitania kwamba nilishukuru kwa mkato mno kwa mchango mkubwa kama ule, hata Tajiri safari hii aliongezea mkono. Mshauri, kumbe mchango ulikuwepo, ulitoka kwa watu, na uliishia kwa mtu. Na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nimeshasimama mbele ya watu nikashukuru.

Tangu hapo nimeanza kufungua macho. Bi Vifungo ana viatu vipya. Kile kikopo chake cha vifungo ambacho siku zote kilikuwa wazi sasa kina kifuniko. Nikiingia ananitazama kidogo halafu anainamia sindano. Chai alikuwa anakuja kunywa kwangu, sasa anainywa mezani kwake. Na lililonimaliza kabisa ni kwamba nguo ziliporudi, koti limenyooka vizuri lakini mfuko ni mtupu, miwani ya mama haimo, hata kitambaa changu cha kufutia machozi hakimo. Hapo ndipo nilipouelewa ule mkono ubavuni. Nikajiuliza, ni mwizi wa namna gani anayeiba miwani ya marehemu yenye mguu wa uzi? Nikajijibu, ni yule asiyechagua. Na inauma zaidi kwa kuwa duka letu lilisifika kwa uaminifu, hata pipi ya mteja ikikutwa mfukoni haipotei, inatiwa kwenye kimfuko cha nailoni, kinabanwa pini na kuandikwa namba ya risiti, na ambavyo havina namba vinafungiwa kwenye droo ya chini ya kaunta mpaka mwenyewe ajitokeze. Wateja tunawatunzia hata pipi, sisi kwa sisi tunaibiana.

Kumuuliza sikuweza. Rambirambi si deni, hazidaiwi. Nikisema ziko wapi, nitaonekana nimemuuza mama yangu na nasubiri chenji. Nikamweleza dereva tu, kwa siri. Kumbe dereva naye ana siri zake na watu wengine. Wiki iliyopita amefiwa na baba mkwe, Bi Vifungo akanunua kadi kama kawaida, akakaa na bahasha mezani, na hakuna mtu aliyeenda. Watu walimpa dereva mkononi, mmoja mmoja, huko uani. Mchana kutwa ile bahasha ilikaa pale tupu. Jioni Bi Vifungo akasimama kati yetu akauliza, "Jamani, nimewakosea nini?" Mimi niliinamia kola ya shati la mteja nikaikandamiza pasi mpaka ikaungua.

Sasa habari zimemfikia Tajiri. Ameitisha kikao mwishoni mwa mwezi, amesema mkono unaokula cha mfiwa hautashindwa kula cha mteja, na kwamba nikithibitisha, Bi Vifungo anakusanya sindano zake siku hiyohiyo. Dada yangu anasema niseme kila kitu, nimpe fundisho. Mume wangu anasema niachane nayo. Mimi mwenyewe nimefikiria kutia alama kwenye noti moja na kuipenyeza kwenye mchango ujao ili nione itatokea wapi.

Mshauri, niseme au ninyamaze? Na mtu anadai vipi rambirambi bila kuonekana hana haya? Naomba unijibu kabla ya kikao, wala usinitaje jina, kwa sababu gazeti hili Tajiri hulinunua kila wiki na kuliweka kaunta wateja walisome wakisubiri.

Ni mimi mpiga pasi.

Mshauri anajibu

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama. Barua za watu zilizotangulia nimeziweka kando ili jibu hili likuwahi, kwa hiyo usinilaumu nikienda moja kwa moja. Na kwa kuwa mama yako alikuwa na tabia ya kunikatiza, nitaandika kana kwamba bado anasoma, ili nisiseme neno ambalo angenirudishia.

Nianze na swali lako la pili, kwa sababu hilo ndilo lililokuponza. Umesema rambirambi hazidaiwi, na ni kweli, lakini umelichukua jambo la adabu ukaligeuza kufuli la mdomo. Kudai ni kusema nipe changu. Kuuliza ni kitu kingine. Ungeweza kumfuata Bi Vifungo siku ileile ulipoiona kadi haina kitu, au hata siku dereva alipokutania, ukamwambia kwa upole kwamba unataka kumshukuru kila mtu vizuri, kwa hiyo akueleze waliokuchangia ni akina nani na walikutumia kwa njia gani. Hapo huulizi kiasi, wala humtuhumu mtu, na mwenye kukusanya hana budi kukueleza alikabidhi nini, wapi na kwa nani. Mfiwa ana haki ya kuyajua hayo. Asipoyajua atashukuru hewa, kama ulivyofanya wewe.

Badala yake ulikaa kimya kwa mhusika ukazungumza kwa dereva. Hapo nakukaripia, na ningekukaripia hata kama Bi Vifungo angekuwa mwizi wa kupindukia. Mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka mji mzima akigonga milango ulimpa neno la kutunza! Ulitaka litunzwe, au ulitaka lifike huku mikono yako ikiwa safi? Swali hilo jijibu peke yako, mimi jibu lake silihitaji.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda litakukera. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikamshuku Bi Vifungo. Nimeisoma mara ya pili taratibu, kama mzee anavyosoma mkataba, na nilipomaliza nilikuwa nimeacha kumshuku yeye na kuanza kukishuku kisa chenyewe. Kwa sababu ushahidi wako, mwanangu, ukiupanga juani, hauelekei unakotaka uelekee.

Chukua viatu. Kila anayeshukiwa huwa na viatu vipya, ni ajabu. Kabla hujamshuku, uliwahi kuitazama miguu yake? Chukua kifuniko cha kikopo. Fundi wa vifungo aliyeamua kufunika vifungo vyake hajavunja sheria yoyote ninayoijua. Chukua kwamba anainamia sindano ukiingia. Wewe uliacha kumsemesha, ukawa unamtazama mfukoni na miguuni, sasa unashangaa haji kunywa chai kwako. Na mtu mwenye hatia hasimami katikati ya watu kuuliza amekosa nini. Hutafuta pembe akakaa. Huyu alisimama.

Tuje kwenye miwani, maana ndiyo iliyonizuia kulala mapema. Pesa zinaibwa, hilo tunalijua. Lakini nani aibe miwani ya mzee, tena yenye mguu uliofungwa uzi, uzi alioufunga yeye mwenyewe? Atakwenda kuivaa wapi? Na kitambaa chako cha machozi, atamuuzia nani? Ulijijibu kwamba huyu ni mwizi asiyechagua. Mimi nadhani vitu hivi vilipotea pamoja kwa sababu vilikuwa mahali pamoja, na mahali penyewe ni mfuko wa koti lako.

Basi turudi makaburini. Mwanamke anakukumbatia, analia, ananong'ona, na unahisi mkono wake ubavuni pako, hapo mfuko wa koti ulipo. Mkono huo wewe umeuona unatoa. Mimi nauona unatia.

Tulia kidogo usilitupe gazeti. Kadi ilikuwa bado haijatiwa sahihi zote, ndivyo dereva alivyomwambia dada yako. Pesa zilikuwa tayari. Mkusanyaji aliyekuwa na bahasha ya pesa mkobani siku ya mazishi, na kadi isiyokamilika dukani, atafanya nini? Wengi wangefanya alivyofanya, yaani kutanguliza pesa, kwa kuwa msiba una gharama zake, na kadi kuifuatisha. Alikutilia mfukoni, akakuambia, na wewe ulikuwa umeganda kama gogo, maneno ni yako. Kesho yake koti likapanda gari.

Na likaenda wapi? Likaenda kwenye duka ambalo, kwa maelezo yako mwenyewe tena kwa fahari, hata pipi haipotei. Likapokelewa na binti mgeni asiyelijua koti lako na koti la mwingine, anayefuata maagizo kama askari wa gwaride. Akaingiza mkono mfukoni kama alivyofundishwa, akatoa vilivyomo, akavitia kwenye kimfuko, akabana pini, akatafuta namba ya risiti. Namba hakuna, kwa sababu nguo za mfiwa kwenu hazikatiwi risiti. Ni wema wenu huo, na sijawahi kusikia wema wa namna hiyo kwenye duka lingine lolote. Sasa niambie wewe uliye wa humo ndani, kitu kisicho na namba kinafungiwa wapi?

Utajilaumu kwamba hukuliona hilo. Usijilaumu sana. Wewe upo nyuma kwenye pasi, nguo zinakufikia mifuko ikiwa imeshakaguliwa, na maisha yako yote dukani hapo umekuwa mtu wa kuhudumia, hukuwahi kuwa mteja. Mara ya kwanza koti lako kupita kaunta, hukujua linapita njia ileile ya makoti ya watu. Halafu shaka ikishakaa machoni inakuwa kama mvuke wa hiyo pasi yako, unaona ukungu mbele na unadhani ni ukuta.

Mimi sijafika dukani kwenu wala sijaifungua droo hiyo. Huenda nimekosea. Kwa hiyo sikuambii umvike Bi Vifungo nguo nyeupe leo kwa haraka ileile uliyomvika nyeusi. Nakuambia ufanye mambo kwa mpangilio huu, na mpangilio wenyewe una maana kuliko unavyoonekana.

Usikimbilie droo. Najua mkono unakuwasha, lakini usiikimbilie. Mfuate kwanza Bi Vifungo, mezani kwake, vuta kigoda ukae chini kama mtu anayekuja kwa mama yake, na umuulize swali moja tu, "Siku ile uliponikumbatia, uliniwekea nini mfukoni?" Halafu nyamaza, umwache aseme. Ukishamsikia, mweleze ulichomdhania na uliyemwambia, bila kujipamba, na umwombe radhi kwa kumhukumu bila kumuuliza. Radhi hiyo anaidai hata kama pesa hazitaonekana kamwe. Baada ya hapo ndipo muende pamoja kwa binti wa kaunta, mumwombe awafungulie.

Kwa nini mpangilio huo? Kwa sababu ukiifungua droo kwanza ukakuta bahasha, utakwenda kuomba msamaha ukiwa na ushahidi mkononi, na yeye atajua hadi kaburini kwake kwamba hukumwamini yeye, uliiamini droo. Msamaha wa namna hiyo watu huupokea kwa mdomo tu. Ukimwendea kabla hujajua kilichomo, utakuwa umempa kitu.

Na droo ikiwa tupu? Basi mwende wote wawili kwa Tajiri, siku hiyohiyo, yeye aeleze alikabidhi vipi na wewe ueleze hukuona nini, kila mmoja mbele ya mwenzake. Kikao cha mwisho wa mwezi hakitakiwi kuwa mahali anapolisikia jambo kwa mara ya kwanza. Noti yako ya alama iache. Mchango wa msiba wa mwenzio si mtego wa panya.

Droo ikiwa na kitu, dereva ndiye wa kufuata baada ya Bi Vifungo. Mwambie, tena wakati wa chai, kwa sauti ileile uliyoshukuru nayo siku ile, kwamba ulikosea. Kosa ulilonong'ona lilitembea, marekebisho yakinong'onwa hayatatoka hata uani. Na mkamilishieni bahasha yake ya baba mkwe kwa mkono wa Bi Vifungo, watu waone. Tajiri naye umwombe aivunje ile kauli yake ya sindano mbele ya walioisikia.

Kwa wasomaji wengine ambao mmekuwa mkifuata huku mkijipongeza kwamba si ninyi, nina maneno machache, maana barua za rambirambi zinanijia kila wiki na nyingi ni za manung'uniko.

Kadi ya pole iandikwe kwa mkono na imtaje marehemu. Andika jambo moja ulilomjua nalo, hata kama ni kwamba alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Usimweleze mfiwa kwa nini Mungu amefanya alivyofanya, hujaulizwa. Na kama hukupata kumjua marehemu, sema tu kwamba unamjua aliyeachwa na unamwonea uchungu. Yatosha. Kadi isiyo na pesa ni rambirambi kamili, msiitikise.

Pesa nazo zina njia yake. Zitiwe kwenye bahasha yake, nje liandikwe jina la mfiwa, ndani iwemo karatasi yenye majina ya waliotoa, kiasi cha kila mmoja kikiachwa kwenye kifua cha mkusanyaji. Zikabidhiwe mkononi, si mfukoni, si mkobani, si chini ya mto, na zisikabidhiwe kwa mtu anayelia. Mfiwa akiwa hajiwezi, yupo dada, yupo shangazi, yupo mtu aliyekaa karibu yake mwenye akili zake siku hiyo. Mpe huyo, na mtu wa tatu aone. Ushahidi huo haumtukani anayetoa wala anayepokea. Unawalinda wote wawili na siku kama hizi.

Naye mfiwa akishapumzika, amfuate mkusanyaji kwanza kabla ya kushukuru hadharani. Na mkusanyaji asiachwe peke yake. Mahali pengi kazi hii huangukia mtu mmoja mwenye moyo, mwaka nenda mwaka rudi, na siku jambo likienda kombo anagundua kwamba wema wake wote haukumwekea hata shahidi mmoja.

Hayo ya mwisho yamfikie Bi Vifungo mwenyewe. Mama, ulikosea kidogo, na umeshalipa kupita kosa. Usimtilie tena mtu pesa mfukoni, hasa mtu ambaye kesho yake koti lake mnalifua ninyi.

Nirudi kwako, mpiga pasi, nikuache uende. Umeniomba nisikutaje jina, sijakutaja. Lakini kola iliyoungua, kikopo chenye kifuniko, bahasha iliyokaa tupu mchana kutwa, hayo hakuna wa dukani kwenu atakayeyasoma asijue. Nilifikiria kuyaficha, nikaona nikiyaficha utapata nafasi ya kungoja, na umeshangoja vya kutosha. Gazeti liko kaunta sasa hivi, na mteja wa kwanza ameshalichukua. Zima pasi. Nenda mezani kwa Bi Vifungo kabla hajasomewa na mtu.

Na mkiifungua hiyo droo mkaikuta miwani, usiinyakue. Mwache yeye aitoe kwenye kimfuko, autazame ule uzi wake kama bado umekaa imara.